Bilauri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Jina la Kale la Glasi

Maswali yaliyo hapa yametoka kwa wanafunzi wangu wa Kiswahili hapa Mwanza, kwa wazazi wao, na kwa wasomaji wa Biblia ambao hukutana na neno hili Jumapili kisha wakaniuliza Jumatatu. Mengine nimeyajibu kwa sentensi mbili kwa kuwa hayahitaji zaidi. Mengine yamekuwa marefu, kwa sababu neno lenyewe limesafiri mbali kabla ya kuketi mezani.

Bilauri ni kitu gani hasa?

Bilauri ni chombo cha kioo cha kunywea maji, maziwa, sharubati au kinywaji kingine, ambacho kwa kawaida hakina mkono, hivyo mnywaji hukishika kwa kukizungushia vidole. Kwa mkazi wa Nyamagana au Ilemela, hicho ndicho chombo anachokiita glasi. Neno hili lina maana ya pili, ambayo kwa umri ndiyo ya kwanza: jiwe gumu, angavu, linalopitisha nuru kama maji yaliyotulia. Sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inahusu jinsi maana hizo mbili zilivyokutana katika neno moja.

Mbona hapa kwetu hatusikii mtu akisema bilauri?

Kwa sababu ni neno la pwani, na Kanda ya Ziwa lilifika kwa njia ya kitabu zaidi kuliko kwa njia ya meza.

Kiswahili kilianza kusikika kusini mwa ziwa kupitia misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo na kupumzika Tabora. John Hanning Speke alipofika Mwanza na kuliona ziwa hili mwezi Agosti 1858, alikuja kwa njia za misafara hiyo, na aliongozana na Sidi Mubarak Bombay ambaye alikuwa akisema Kiswahili. Mizigo iliyobebwa ilikuwa vitambaa, ushanga na waya wa shaba, yaani vitu ambavyo mpagazi akijikwaa navyo vinaokotwa na safari inaendelea. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili ambaye angembebesha mtu kreti la vyombo vya kioo kichwani kwa miezi kadhaa, kuvuka mito na mbuga, ili akauze mahali ambapo watu walikuwa na vibuyu na vyungu vyao na hawakuwa na haja ya kingine. Kioo kilifika Usukumani kikiwa ushanga shingoni kabla ya kufika kikiwa chombo mkononi.

Vyombo vya kunywea vya kioo vilikuja kuwa rahisi kupatikana baada ya reli kutoka Tabora kufika Mwanza mwaka 1928, na dukani viliuzwa kwa jina la kigeni walilokuwa nalo wauzaji, yaani glasi, au gilasi katika vinywa vya wengi. Mwaka huo huo wa 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Bilauri ni neno la Unguja, kwa hiyo liliingia katika kamusi na vitabu vya shule. Kwa maneno mengine, treni ilituletea glasi na mkutano ukatuletea bilauri, na mpaka leo mtoto wa Mwanza hunywea cha kwanza na kuandikia mtihani cha pili.

Bibi yangu, aliyeishi Pasiansi, alikuwa na vyombo sita vya namna hiyo ndani ya kabati la vioo, vimefunikwa kitambaa cha kufuma chenye ushanga pembeni ili upepo wa ziwani usikipeperushe. Vilitolewa akija padri au mkwe, na sisi watoto tulikunywa kwa vikombe vya bati. Aliviita glasi za wageni. Neno bilauri sikuwahi kulisikia kinywani mwake, ingawa alijua Kiswahili cha Tabora kuliko mtu yeyote mtaani.

Neno bilauri limetoka lugha gani?

Limetoka katika Kiarabu billawr, ambalo pia hutamkwa ballur. Ndugu zake ni bolur la Kiajemi, billur la Kituruki na billaur la Kihindi na Kiurdu. Katika lugha zote hizo maana ya msingi ni ile ya jiwe angavu. Baadhi ya kamusi hulitaja kuwa neno la Kiajemi na nyingine kuwa la Kiarabu. Ukitazama umbo, irabu mbili za katikati, a na u, zinaafikiana na Kiarabu na matamshi ya Bara Hindi zaidi kuliko na Kiajemi cha leo, ambacho kingetuachia kitu kama “buluri”.

Namna neno lilivyovaa Kiswahili ni ya kawaida kabisa. Sauti “aw” ya Kiarabu hugeuka “au”, kama ilivyotokea kwa sawt iliyokuwa sauti na qawl iliyokuwa kauli. Konsonanti iliyorudufiwa hubaki moja, kama shidda ilivyokuwa shida. Mwishoni huongezwa irabu, kwa kuwa Kiswahili hakipendi neno liishe kwa konsonanti. Kwa hatua hizo tatu billawr limekuwa bilauri.

Hata hivyo Kiarabu si chanzo. Nyuma yake kuna neno la Kigiriki beryllos, jina la kito cha thamani, ambamo sauti r na l zilibadilishana nafasi neno lilipokuwa likipita kutoka lugha moja hadi nyingine. Nyuma ya Kigiriki kuna lugha za kale za Bara Hindi: veluriya katika Kipali na vaidurya katika Kisanskriti. Wataalamu wengi hulihusisha jina hilo na kusini mwa India, na mara nyingi hutajwa mji wa Belur.

Je, lina ndugu huko Ulaya?

Linao, na mmoja wao huwachekesha wanafunzi wangu kila mwaka. Miwani kwa Kijerumani ni Brille, neno lililotokana na beryllos hilo hilo, kwa sababu vioo vya mwanzo vya kukuzia maandishi vilichongwa kutokana na mawe angavu ya jinsi hiyo. Kwa hiyo ofisa wa Kijerumani wa enzi za ukoloni aliyevaa miwani na kunywa maji kwa bilauri alikuwa na neno moja puani na mkononi. Madini ya berili na elementi ya beriliamu nayo yamepewa majina kutoka mzizi huo. Zumaridi, ambayo hupatikana hapa nchini karibu na Ziwa Manyara, ni berili ya kijani.

Ilikuwaje jina la jiwe likawa jina la chombo?

Ilikuwa kwa sababu chombo cha kwanza kilitengenezwa kwa jiwe lenyewe. Mafundi wa Basra na wa Kairo walilitoboa pande la jiwe angavu, wakalichimba ndani taratibu kwa mchanga mkali na vyuma, mpaka likabaki ganda jembamba lenye umbo la kikombe au la birika. Kazi hiyo ilihitaji muda na subira, na pigo moja la haraka lilitosha kulipasua jiwe zima, kwa hiyo vyombo hivyo vilikuwa vya wafalme na matajiri. Birika moja lenye jina la khalifa al-Aziz wa Misri, aliyetawala kuanzia mwaka 975 hadi 996, bado lipo katika hazina ya kanisa la Mtakatifu Marko mjini Venezia.

Wenye mifuko ya kawaida walinunua vyombo vya kioo kilichoyeyushwa, vilivyofanana na vile vya jiwe kwa mbali. Mwuzaji wa kioo alinufaika kwa kuipa bidhaa yake jina la kitu cha thamani zaidi, na mnunuzi alifurahi kulitamka nyumbani kwake. Mafundi wa Murano walifanya hivyo hivyo katika karne ya 15 walipokiita kioo chao kipya cristallo, na nchini Uingereza George Ravenscroft alipata kioo kizito chenye madini ya risasi katika miaka ya 1670 ambacho nacho huitwa kristali mpaka leo, ingawa si jiwe. Bilauri ya Kiswahili ilipita njia hiyo hiyo: jiwe, kisha kioo kinachofanana na jiwe, kisha chombo chochote cha kioo cha kunywea.

Je, pwani yetu inahusika vipi na jiwe hilo?

Hili ndilo swali ninalopenda kuulizwa, na huulizwa mara chache mno. Tumezoea kusimuliwa historia ya maneno ya mkopo kana kwamba majahazi yalikuja yamejaa vitu na majina, na sisi tulikuwa ufukweni tumenyoosha mikono. Kwa bilauri mambo hayakuwa hivyo.

Mwanachuoni al-Biruni, aliyeandika kitabu chake kuhusu vito katika karne ya 11, anaeleza kwamba jiwe la bilauri lilipelekwa Basra kutoka visiwa vya Zanj, na kwamba huko Basra ndiko lilikochongwa kuwa vyombo. Zanj ndilo jina ambalo waandishi wa Kiarabu walilitumia kwa pwani ya Afrika Mashariki na watu wake. Chimbuko la jiwe lenyewe lilikuwa Madagaska, ambako vipande vikubwa na safi hupatikana kwa wingi, na wanaakiolojia wamekuta vipande ghafi vya jiwe hilo Dembeni katika kisiwa cha Mayotte, mahali palipokuwa kituo cha biashara kati ya karne ya 9 na ya 12. Jiwe lilitoka Madagaska, likapita visiwani, likapakiwa majahazini kungoja upepo wa kusi ulioyasukuma kaskazini, na kufika Ghuba ya Uajemi.

Kwa hiyo mali ghafi ilitoka upande wetu wa bahari na ikachongwa ugenini, na kilichorudi kwetu, baada ya muda mrefu, ni jina lake. Mtu akiniambia kwamba bilauri ni neno la Waarabu, humjibu kwamba jina ni lao na jiwe lilikuwa letu, na mara nyingi mazungumzo huendelea mpaka chai ipoe.

Kitabu cha Ufunuo kinasema mto wa maji ya uzima unang’aa kama bilauri. Je, ni glasi?

Sivyo, na kuchanganyikiwa hapa ni jambo la kawaida sana. Katika tafsiri ya Biblia inayotumiwa na makanisa mengi ya hapa, sura ya 22 inautaja mto “wenye kung’aa kama bilauri”, na sura ya 4 inataja bahari ya kioo iliyo mfano wa bilauri. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza kwa dhati ni glasi ya namna gani inayoweza kulinganishwa na bahari, na kama ni glasi moja au ni nyingi zilizopangwa. Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu mengi ya watu wazima niliyowahi kuyasikia.

Neno lililotafsiriwa hapo ni la Kigiriki, krystallos, ambalo asili yake ni barafu. Watu wa kale waliamini kwamba jiwe angavu ni barafu iliyoganda kupita kiasi hata ikashindwa kuyeyuka tena. Watafsiri walihitaji neno la Kiswahili la jiwe angavu, na bilauri ilikuwa bado na maana hiyo, kwa hiyo waliitumia. Mto unaosemwa ni angavu kama jiwe hilo, ambalo ukilitazama unaona upande wa pili bila doa. Sisi tunaoishi kando ya ziwa ambalo maji yake mara nyingi ni ya kijani kwa mwani, tunapaswa kujitahidi kidogo kuipata picha hiyo.

Jambo la kupendeza ni kwamba beryllos, lile neno la Kigiriki lililo babu wa bilauri, nalo limo katika kitabu hicho hicho, katika orodha ya mawe ya msingi ya mji katika sura ya 21, lakini hapo Kiswahili kimelipa jina jingine la kito. Babu na mjukuu wamo katika kitabu kimoja bila kufahamiana.

Je, neno hili limo katika Kurani?

Billawr halimo. Sura ya 76, inapotaja vyombo vya peponi vinavyong’aa, hutumia neno qawarir, na Sura ya 24, inapotaja kioo cha taa, hutumia zujaja. Hayo ni maneno ya kioo yasiyohusiana na bilauri kwa asili.

Bilauri ina tofauti gani na kikombe, finjani na kopo?

Kikombe aghalabu kina mkono na hakilazimiki kuwa cha kioo. Finjani ni kikombe kidogo cha kahawa, na jina lake nalo ni la Kiarabu. Tofauti hizo hazina utata.

Kopo ndilo lenye hadithi. Kwa Kireno, copo ni bilauri hasa, chombo cha kunywea mvinyo au maji. Wareno walifika pwani mwaka 1498, na kabla hawajatolewa katika Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1698 walikuwa wamekwisha kutuachia meza, mvinyo na kopo, yaani karibu vyote vinavyohitajika ili mtu aketi na kunywa. Lakini kopo halikukaa mezani. Lilihamia kwenye bati, likawa chombo cha kuchotea maji pipani, kisha chombo cha kuhifadhia maziwa ya unga, na leo ukienda Mwaloni Kirumba utauziwa dagaa kwa kopo au kwa sado, hali mwuzaji hana habari kwamba anapimia kwa glasi ya Kireno. Nadhani bilauri ilisalia na heshima yake kwa sababu kopo liliacha nafasi wazi mezani.

Wazee wetu wakisema “bilauli”, je, wamekosea?

Katika maandishi, andika bilauri. Katika mazungumzo, mtu aliyelelewa katika Kisukuma huweka l mahali ambapo mtu wa pwani huweka r, na kila msikilizaji wa hapa humwelewa. Ikumbukwe pia kwamba historia yote ya neno hili ni ya r na l kupishana tangu enzi za Wagiriki, kwa hiyo mzee wa Magu anayesema bilauli hajaanzisha jambo jipya.

Neno hili liko katika ngeli gani?

Liko katika ngeli ya I-ZI: bilauri imevunjika, bilauri zimevunjika, bilauri hii, bilauri hizi. Wingi hauna kiambishi, kwa hiyo “mabilauri” si sanifu, kama “maglasi” yasivyo sanifu ingawa hutamkwa kila siku.

Je, chombo cha plastiki kinaweza kuitwa bilauri?

Wapo wanaokataa kwa hoja kwamba bilauri lazima iwe ya kioo. Mimi sioni msingi wa kukataa. Kama neno liliruhusiwa kuhama kutoka jiwe hadi kioo, haliwezi kuzuiwa mlangoni mwa plastiki, mradi umbo na matumizi ni yale yale. Ni vyema tu kueleza wazi, bilauri ya plastiki, ili mgeni asije akashangaa.

Je, bilauri na bilula ni neno moja?

Hapana. Bilula ni koki ya bomba la maji. Yanakaribiana kwa sauti na kwa kuwa yote mawili yanahusu maji, basi.

Je, jiwe la bilauri linapatikana Kanda ya Ziwa?

Jiwe la bilauri ni kwatzi iliyo safi kabisa, na kwatzi si ngeni kwa mtu yeyote aliyewahi kusogelea machimbo ya dhahabu ya Geita, kwa maana ndilo jiwe jeupe ambalo mara nyingi dhahabu hukaa ndani yake. Lile la machimboni huwa jeupe kama maziwa, limejaa nyufa, na halifai kuchongwa chombo. Lililo angavu hutambulika kwa urahisi: likishikwa huwa baridi mkononi kwa muda mrefu kuliko kioo, na ncha yake hukikwaruza kioo cha kawaida, kwa sababu ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni 7 na wa kioo ni kama 5.5. Jiwe la bilauri, kwa maneno mengine, huikwaruza bilauri ya mezani.

Je, nikisema bilauri leo hapa Mwanza nitaeleweka?

Unguja au Mombasa utaeleweka mara moja. Hapa inategemea unamwambia nani. Mwalimu, mhubiri na mtangazaji wa redio watakuelewa, na katika insha au barua ya heshima neno litakaa vizuri.

Mwaka jana, nikingoja kivuko cha Kamanga, niliketi katika mgahawa mdogo na kumwomba binti aliyekuwa akihudumia aniletee bilauri ya maji. Alinitazama, akaniamkia tena kana kwamba amkio la kwanza halikutosha, akaenda jikoni kuuliza. Aliporudi aliniambia kwa upole, “Samahani baba, maji ya Bilauri yameisha, yamebaki haya,” akaziweka mezani chupa tatu za kampuni tofauti nichague. Nilichagua moja, naye akanifungulia na kuniletea glasi.